Anwani ya Tulsa

Dereva wa basi la shule mtaani kwetu, hapa Memphis, ana kawaida yake: mtoto wa mwisho akishashuka, huuacha mlango wazi kidogo, kana kwamba kuna mwingine anakuja. Mwanawe, Lamont, alichukua kadi ya mkopo kwa jina la mama yake, akaitumia, akatokomea bila kulipa. Tulimshauri aripoti polisi, deni lifutwe, benki imkopeshe ajinunulie nyumba. “Nimshtaki mwanangu? Hebu niondokeeni hapa!” Basi kila mwaka huchukua ripoti yake ya mikopo, akaitandaza juu ya usukani, akainyoosha kwa viganja vyake vipana, na kusoma pale tu palipoandikwa deni la Lamont na anwani ya mji wa Tulsa aliyoiandikisha kwenye kadi hiyo, alikokuwa akiishi.

Juzi nilimsindikiza benki. “Hongera, mama!” karani alichangamka. “Miaka saba imepita, deni limetoka kwenye ripoti. Sasa nyumba unapata!”

Dereva akaigeuza ile ripoti mpya mbele na nyuma. “Na ile anwani?”

“Imeondoka nayo.”

Akamsogelea karani, akanong’ona: “Binti yangu, huwezi kulirudisha hilo deni?”