Tumbo Langu na Honi ya Lori la Dirie

Asubuhi moja mwaka 1986, soko zima la Emali lilinifukuza na marungu, na sikuwa nimeiba hata kitunguu.

Nilikuwa nafanya mazoezi.

Ngoja nianze vizuri. Naitwa Muthama. Wakati huo nilikuwa dereva wa Dirie, mfanyabiashara wa mifugo hapo Emali, na kazi yangu ilikuwa kupeleka mbuzi Mombasa. Nilikuwa na tumbo lililofika kwa usukani kabla yangu, na sikulionea haya. Kwetu Mbooni, mwanamume mwenye tumbo ni mtu ambaye mambo yake yako sawa.

Shida ilikuwa honi. Kila nikikata kona, inalia yenyewe. Piii! Mbuzi huko nyuma wanashtuka, wanapandana. Safari moja wengine walishuka Mombasa wamevunjika miguu.

Dirie akaniita. Aliangalia tumbo, akaangalia usukani.

"Muthama, wewe ni dereva mzuri, wallahi. Lakini hiyo tumbo yako inafinya honi. Mbuzi yangu inaumia."

"Sasa unataka niiweke wapi, mzee?"

"Iweke nyumbani. Kwa sasa gari itaendeshwa na Mulei. Ukipunguza, kuja tujaribu. Kama bado inalia, gari ni ya Mulei kabisa."

Mulei! Jamaa mwembamba kama fito. Akaenda Mombasa akarudi, tukaambiwa honi haikulia hata kwenye kona moja. Ng'ombe wa barabarani aliwafukuza kwa kupiga mluzi dirishani, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Kesi ikaisha hapo. Tumbo likapatikana na hatia.

Niliumia, sitadanganya. Lori lile nililijua kuliko ninavyowajua dada zangu, na sikuwa na kazi nyingine.

Basi nikaanza kukimbia.

Sasa wewe fikiria Emali ya miaka hiyo. Mtu mzima, mnene, anapita sokoni mbio asubuhi na hakuna kitu kinachomfukuza. Nani angefikiria mazoezi? Mama mmoja wa nyanya akapiga nduru, "Mwizi!" Wakaniandama wote. Nakwambia, sijawahi kukimbia vizuri kama siku hiyo.

Waliponipata karibu na stesheni, wa kwanza kunishika shati alikuwa shemasi wa kanisa letu.

"Muthama? Umeiba nini?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya nini? Unaenda vita?"

Barabara ikanishinda. Nikajiunga na mwethya, kile kikundi cha kina mama wanaosaidiana kuchimba mitaro mashambani. Mwanamume nilikuwa peke yangu. Walinipa jembe zito kuliko yote, wakanitungia na wimbo. Maneno yake siyaandiki hapa, watoto wanasoma.

Jioni, mke wangu Nzilani ananiwekea kunde za kuchemsha na muthokoi kidogo, yale mahindi ya kukoboa, yasiyoonja mafuta. Chapati nilikuwa naziona kwa majirani tu.

Tumbo likashuka. Suruali nikaifunga kwa kamba ya katani. Watu wakaanza kunisalimia kwa sauti ya chini, vile mgonjwa husalimiwa.

Kisha mama yangu akafika kutoka Kikima, kuku wawili kwapani. Alikuwa ameambiwa mwanawe anaisha. Hata hodi hakupiga.

"Nzilani, mwana wakwa umemfanya nini?"

"Mama, anajinyima mwenyewe. Anataka gari."

"Gari gani hiyo inakula mtu?"

Akachinja kuku wote wawili, akapika, akaketi mbele yangu kuniangalia. Sikula. Mama akalia. Na mimi nikalia, kwa sababu nilimhurumia, na pia kwa sababu kuku walinukia vibaya sana, yaani vizuri.

Siku ya kujaribiwa ikafika. Mulei alileta lori mwenyewe, limeoshwa mpaka magurudumu. Dirie akaketi kando yangu. Kati ya tumbo na usukani kulikuwa na nafasi ya kupakata mtoto. Tukaelekea upande wa Kibwezi, na kona ya kwanza nikaikata polepole huku naomba kimoyomoyo.

Piii!

Niliona kazi yangu inaenda hivyo. Dirie akaangalia tumbo, halikuwepo. Akapitisha mkono pale katikati, kama mtu anayepapasa gizani. Kona ya pili, piii!

"Simamisha."

Akainama chini ya usukani na kuvuta waya wa honi. Mahali pamoja ulikuwa umechubuka, unagusa chuma kila usukani ukizunguka. Mbele kidogo ulikuwa umekatwa, halafu ukaunganishwa tena kwa tepu nyeusi.

Akaigusa ile tepu. "Hii ni ya leo."

Tuliporudi, Mulei alikuwa anatungojea, sura ya rambirambi ameshaitayarisha.

"Mulei, nani alikata waya ya honi?"

"Mimi, mzee. Ile siku ya kwanza. Ilikuwa inapiga kelele kwa kona."

"Na leo umeirudisha kwa nini?"

Mulei akaangalia viatu vyake. "Ingenyamaza leo, si Muthama angechukua gari?"

Dirie akamwonyesha njia ya kwenda kwao. Kisha akanipa funguo kwa mikono miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Nililaumu tumbo bure."

Unadhani nilicheka? Nilikasirika sana. Miezi ya kunde! Kufukuzwa kama mwizi, mama yangu kulia mbele ya sufuria, mke wangu kuulizwa amenifanya nini, na wakati wote huo waya ulikuwa hapo chini na hakuna aliyeinama kuuangalia. Hata mimi dereva wake. Niliambiwa ni tumbo, nikaamini, kwa sababu tumbo lilikuwepo.

Sasa nikuambie wewe unayesoma. Kupunguza mwili ni vizuri, punguza, magoti yangu mpaka leo yananishukuru. Lakini punguza kwa sababu zako. Mtu akikuambia kitu chake kimeharibika kwa sababu wewe ni mnene, mwambie afungue hicho kitu kwanza, na wewe umalizie chakula chako.