Dada Aliyechukua Zamu ya Chui

Wiki jana nilipita Sange kwa basi dogo. Nyani mmoja alikuwa ameketi kando ya barabara akila muhogo, na abiria wote wakacheka. Mimi, rafiki yangu, niligeuzia uso dirishani nikalia. Mama niliyekaa naye aliniuliza kama naumwa.

Nilikulia Nyakabere. Shamba letu lilikuwa la mwisho, chini kabisa ya mlima, na kwenye korongo la juu yake aliishi chui. Alikula mbuzi wetu, tukamchukia. Lakini nyani walimwogopa kuliko sisi, hawakuthubutu kushuka, na hilo hatukulifikiria. Uhuru wa Kongo ulipofika, vijana wakasema siku za kumwomba Mbelgiji ruhusa ya kuwinda zimekwisha. Wakachimba shimo, wakamuua kwa mikuki, tukacheza ngoma mchana kutwa. Hata mimi nilishika mkia wake nikajiona mkubwa. Bibi peke yake alinuna.

"Sasa ile nyani, nani atazifukuzaka?" aliuliza. Tukamcheka.

Kabla msimu haujaisha, nyani wakashuka makundi kwa makundi. Waling'oa muhogo, wakauma mara moja na kuutupa. Ugali ukapungua sahanini. Baba akaamua mtu akae shambani kutwa, akamchagua dada yangu mkubwa, ingawa ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani na mwalimu alikuja mara mbili kumwombea. Dada alikwenda na debe la kupiga na daftari lake. Jioni alitaka nimsimulie yote tuliyosoma. Mara nyingine nilichoka, nikamdanganya kwamba mwalimu hakuja.

Ndivyo ulivyotukuta uasi uliozuka miaka michache baada ya uhuru. Asubuhi moja risasi zililia kati ya kijiji na shamba. Tulikimbilia mto Ruzizi, tukavuka hadi Burundi, naye dada akabaki upande ule wa shamba. Hatukumwona tena, wala kaburi lake.

Tuliporudi baada ya vita, vichaka vilikuwa vimemeza shamba. Kwa kuwa watu walikuwa wamekimbia, chui mwingine alikuwa amehamia korongoni. Nyayo zake zilijaa kando ya kijito. Nyani hakuonekana hata mmoja. Muhogo wetu ulikuwa mzima ardhini, mnene kama mapaja.

Bibi alizitazama nyayo zile muda mrefu, kisha akamgeukia baba.

"Chui amerudi," alimwambia. "Basi umwambie mutoto arudi ku masomo."

Baba aliketi chini palepale.

Bibi ameshaondoka, baba pia, na chui wa mwisho sijui aliuawa lini. Hao wote nimekubali kwamba hawapo. Dada sijakubali.