Ushungi Uliochemshwa

Shangazi yangu alifariki akijifungua, katika chumba nilichokuwa nikilala mimi, hapo kwetu Iringa mjini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku zile wanawake wa Kiislamu wa mtaani kwetu hawakwenda hospitali kuzaa. Walisikia kwamba huko wanaopokea wazazi ni madresa, yaani wasaidizi wa daktari, wanaume watupu, na hakuna aliyetaka kwenda kuhakikisha. Walizalia nyumbani na wakunga wetu wa kienyeji, na wengi walitoka salama. Shangazi hakutoka.

Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Hakulizungumza jambo lile tena. Lakini nilipomaliza masomo yangu ya darasani, ikaja habari kwamba hospitali moja ya misheni kule Mbeya inachukua wasichana kuwafundisha ukunga miaka miwili. Mama alikataa kabla habari haijaisha kusomwa.

"Aende peke yake, kwa Wakristo?"

Baba hakuinua macho kwenye nguo aliyokuwa akiipinda. "Tunataka mkunga wa kike wa hospitali atakayewaona wake zetu. Nani atamfundisha? Mimi na sindano yangu?"

Basi nikaenda. Nilipanda basi alfajiri nikiwa na sanduku la bati na shungi tatu alizonishonea baba mwenyewe. Nilianza kujifunga ushungi nilipovunja ungo. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha, akaniambia nisiuvae kwa kumwogopa mtu, kwa sababu anayemvalia mtu atakuja kuuvua kwa ajili ya mtu. Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kizee.

Mbeya nilifika mwezi wa Juni. Wanaoijua Mbeya ya Juni hawahitaji kuambiwa. Asubuhi ya kwanza tulipangwa mstari nje ya wodi, wasichana tisa, meno yakigongana kwa baridi, na yule Mzungu mkuu wa wauguzi, ambaye sote tulimwita Sista, akapita akitazama kucha zetu na viatu vyetu. Alipofika kwangu alisimama.

"Hicho cha kichwani kitoke."

"Sista, mimi ni Mwislamu."

"Najua. Hapa si msikitini, ni hospitali. Kitambaa kinabeba uchafu. Kivue, uvae kofia kama wenzako."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Sikukataa. Niliuvua pale pale mbele ya wote, nikaukunja, nikautia mfukoni. Msichana mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe ana nywele!" wakacheka. Usiku wa kuamkia siku ile, bwenini walikuwa wameshakata shauri kwamba Waswahili, walivyotuita sisi Waislamu, huficha vichwa kwa kuwa wana vipara.

Nilifanya kazi siku tisa kichwa wazi. Nilisugua sakafu, nikachemsha vyombo, nikajifunza kupima joto la mgonjwa. Kazi niliipenda tangu siku ya kwanza. Lakini kila mwanamume alipopita wodini nilihisi kama nimesahau nguo ndani, na nilipokuwa nikisali stoo kwa kujificha, nilimwomba Mungu msamaha kwanza kabla ya kuomba kingine chochote.

Ijumaa ya pili nilipewa ruhusa ya kwenda mjini. Baba alikuwa amenielekeza kwa mke wa mfanyabiashara mmoja wa mchele, mtu wa asili ya pwani kama sisi, aliyekuwa akinunua mpunga kule Ubaruku na kuuza Mbeya. Yule mama alinikaribisha kama mwanawe. Alinipa chai ya tangawizi, akanisikiliza nikilia mpaka mwisho. Nilitazamia aniambie nirudi nyumbani. Badala yake akaniuliza:

"Mwanangu, yule Sista umemwomba, au umemwogopa tu?"

Sikuwa nimemwomba.

"Basi kamwombe. Akikataa, utarudi kwenu ukiwa umekataliwa. Sasa hivi hujakataliwa bado. Umenyamaza tu."

Nilirudi na maneno yale kama mtu aliyemeza mfupa. Lakini kabla sijamfikia Sista, alinikamata muuguzi wetu mkubwa, aliyekuwa wa pili kwa Sista. Huyu alikuwa Mnyakyusa, mke wa mzee wa kanisa, mama mnene asiyecheka, ambaye sisi wanafunzi tulimwogopa kuliko tulivyomwogopa Sista. Alinikuta chumba cha kuchemshia nguo, macho yamevimba.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi sema unalia nini, maji yanachemka."

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akigeuza bandeji ndani ya sufuria kwa mti. Nilipomaliza alisema, "Sista anasema kitambaa kinabeba uchafu. Na hizi hapa ni nini?"

"Ni vitambaa, Mama."

"Tunavifungia vidonda vya watu. Tunavichemsha, vinakuwa safi. Kichwa chako kina ubaya gani kuliko kidonda?"

Alikwenda kabatini akatoa shuka kuukuu la hospitali, limechakaa katikati lakini pembeni bado zima. Tukakata vipande viwili. Mimi ni binti wa fundi, mkasi ninaujua. Nilikata ushungi mfupi, usio na mkia wa kuning'inia, unaofungwa nyuma ya shingo na ncha zake kuingia ndani ya ukosi wa aproni. Tukauchemsha na bandeji, tukauanika, tukaupiga pasi ya mkaa. Yule mama akaushika juu kwenye mwanga akautazama kama anavyotazama sindano.

"Mimi sijui dini yenu," alisema. "Lakini mama yangu naye hakutoka nje kichwa wazi mpaka anazikwa. Twende."

Tulimkuta Sista akiandika. Muuguzi mkubwa alinisukuma mbele. Nikasema niliyopanga kusema, kwa sauti ndogo kuliko nilivyopanga: kwamba naomba kuvaa ushungi huu, kwamba nitauchemsha kila siku, kwamba kofia nitaivaa juu yake. Sista aliuchukua, akaugeuza, akavuta pindo kuona kama lina uzi unaotoka. Akanirudishia mkononi.

"Siku moja," alisema, "siku moja tu nikikuona na kisichochemshwa, utafunga mzigo wako."

"Ndiyo, Sista."

"Nenda kazini."

Ruhusa ile haikuzima maneno. Bwenini walinifichia ushungi mmoja juu ya paa la jiko, nikaupata baada ya mvua. Wapo wagonjwa waliosema nisiwashike. Msichana yule aliyeniambia nina nywele alikuwa na mchezo wa kunivuta ushungi kwa nyuma nikipita na sinia. Lakini sasa nilikuwa nimejifunga kwa ruhusa niliyoiomba kwa mdomo wangu, na mtu akinivuta niliurudisha tu nikaendelea na njia.

Mwaka wa pili, wakati wa masika, aliletwa msichana wa Kinyakyusa kuzaa mtoto wake wa kwanza. Mumewe alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Makongolosi, kwa hiyo alikuja na mama yake mzazi. Mama huyu aliniona tu mlangoni akasimama.

"Huyu hapana. Huyu Mswahili asimguse mwanangu."

"Mama, nimefundishwa hapa hapa," nilisema.

"Babu zenu walipita kwetu na minyororo. Watoto wetu waliwafunga shingoni, wakawauza. Leo umefunga kitambaa unataka nikupe na wangu?"

Nilitoka nje. Muuguzi mkubwa akampokea mgonjwa yeye mwenyewe, nami nikabaki kuleta maji na nguo. Ilikuwa kama saa tisa alasiri, mvua ya mawe ikipiga bati hata tukawa tunasemeshana kwa ishara. Sista alikuwa amesafiri. Mara wakamleta mwanamke mwingine anatoka damu nyingi, na muuguzi mkubwa hakuwa na la kufanya ila kumkimbilia. Akanishika mkono mlangoni.

"Ingia."

"Mama yake hataki."

"Mtoto hangoji mama yake atake. Ingia."

Niliingia. Yule mama mzee alifungua mdomo, lakini binti yake alipiga kelele wakati ule ule, na kichwa cha mtoto kikaonekana. Nilimwona usoni, amekuwa rangi ya zambarau. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Nilikuwa nimefundishwa jambo hili kwa mwanasesere wa matambara na kamba, na mara moja tu nilikuwa nimeliona kwa mtu. Nikamwambia mzazi asisukume, aheme kama mbwa aliyechoka. Nikaingiza kidole chini ya kile kitovu, nikakilegeza polepole, nikakipitisha juu ya kichwa. Kisha nikasema, "Sasa, dada. Sasa."

Mtoto alitoka akiwa mlegevu, kimya. Nilimsafisha mdomo, nikamsugua mgongo kwa taulo, nikamgeuza, nikamsugua tena. Nilikuwa nikisoma dua yoyote iliyonijia ulimini na sijui kama niliisoma sawasawa. Halafu alipiga chafya, akalia kwa hasira.

Yule mama mzee alikaa chini sakafuni. "Ndaga," alisema kwa lugha yao, "ndaga fijo," yaani asante sana, na akalirudia mara nyingi, hata sijui alikuwa akimwambia nani.

Walikaa wodini siku kadhaa. Siku ya tatu aliniita, akaniuliza nimetoka wapi. Hapo nikamwambia jambo ambalo siku ile mlangoni hasira ilinizuia kulisema. Nilimwambia kuwa bibi yangu aliyenifundisha kujifunga ushungi alichukuliwa na minyororo hiyo hiyo, akiwa mtoto mdogo, kutoka mahali fulani huku huku milimani. Alikulia pwani, akasilimu, akaolewa na mpagazi, na mumewe alipokuwa akipanda bara naye akamfuata, akitafuta kwao. Walifika Iringa wakaishia hapo.

"Jina lake la kwao lilikuwa nani?" aliuliza.

"Hakulikumbuka. Alichukuliwa mdogo mno."

Yule mama akanishika shavu, juu ya ushungi. "Basi huenda wewe ni wetu," alisema. "Nani anajua?" Kuanzia siku ile, yule msichana wa kunivuta akinikaribia wodi ile alikaripiwa kwa Kinyakyusa mpaka akakimbia.

Mwisho wa mafunzo alikuja daktari wa serikali kutukagua. Alinielekezea kalamu akamuuliza Sista kwa Kiingereza ninavaa nini kichwani. Kiingereza changu kilitosha kusikia jibu.

"Hiyo ni sehemu ya sare yake," Sista alisema, akaendelea na mwanafunzi aliyefuata.

Hakuwahi kuniomba radhi, wala hakuwahi kunisifu. Lakini mwaka uliofuata walikwenda wasichana wawili wa Kiislamu kutoka Iringa kwetu, wakaniandikia kwamba katika karatasi ya vitu vya kuja navyo, chini ya aproni, imeandikwa: shungi fupi mbili, nyeupe.

Mimi nilirudi Iringa, nikapangiwa zahanati yenye wodi ndogo ya wazazi. Juma la kwanza walikuja wake wa wakulima wa Kihehe, Walutheri na Wakatoliki, na hakuna aliyeniuliza habari ya kichwa changu. Waliuliza kama mikono yangu ni ya baridi. Wanawake wa mtaani kwetu walichelewa. Nilianza kudhani hawatakuja. Kisha siku moja mchana alisimama mlangoni mke wa jirani yetu, ndani ya buibui lake, tumbo limefika, mama mkwe wake nyuma akiwa amebeba kapu la nguo. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Ni wewe utakayenizalisha? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Hapaingii mwanamume?"

"Labda awe ni huyo uliye naye tumboni."

Akacheka, akashika kiuno kwa maumivu, akavua viatu na kuingia. Alizaa salama kabla ya magharibi. Jioni ile nilipita barazani kwa baba kumpa habari. Alisimamisha cherehani, jambo asilolifanya kirahisi, akasema, "Alhamdulillahi," kisha akageuka akatazama mlango wa kile chumba nilichokuwa nikilala, nami nikajua anamfikiria dada yake.