Doa la Mafuta Usoni mwa Shujaa

Habari za kifo chake zilinikuta Ilula, nimesimama kando ya barabara nikichagua nyanya. Dereva mmoja, ambaye tulifahamiana tangu enzi zangu za malori, aliteremka kwenye gari lake, akanisalimia, akanunua debe zima, kisha akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Karani, yule fundi wako wa skafu amefariki. Wanamzika kesho kijijini kwao, mbele ya Tosamaganga." Nikamuuliza amefariki kwa nini. "Kifafa. Alianguka chumbani kwake pale Iringa mjini, na mlango alikuwa ameufunga kwa ndani. Wameuvunja siku ya pili. Wanasema alikuwa na skafu yake mpaka puani, vilevile." Nilirudisha nyanya kwenye fungu, nikaacha safari niliyokuwa nayo. Mmenizoea katika safu hii nikiandika juu ya barabara, stendi na miji ambayo sikudumu. Leo nitaandika juu ya mtu mmoja, na juu ya jambo nililolijua nikanyamaza.

Nilimfahamu Mbeya, miaka ile lami ya kwenda mpakani ilipokuwa ingali mpya na reli ilikuwa habari ya kungojewa. Mimi nilikuwa karani wa mizigo kwenye lori lililopanda na kushuka kati ya Iringa na Mbeya. Yeye alikuwa fundi cherehani kwenye baraza moja karibu na jumba la sinema. Alikuwa Mhehe, mpole, mwenye mikono myepesi. Shingoni alifunga skafu ya sufu iliyopanda ikafunika shavu la kushoto na mdomo, akabakiwa na macho na pua. Kila mtu pale barazani alijua kwamba ana kifafa, na kwamba utotoni aliangukia moto wa jikoni. Uso wenyewe hakuna aliyesema ameuona. Chai alikunywa akiwa ameelekea ukutani.

Lakini sifa yake kubwa mtaani haikuwa suruali. Ilikuwa Bwana Glovu. Huyo alikuwa shujaa wa vitabu vya picha kutoka ng'ambo, mtu wa kinyago cheusi na glovu nyekundu, mwenye nguvu za kusimamisha gari kwa kiganja. Jina lake la kwao hatukulijali. Sisi tulimpa hilo. Vitabu vyake havikuuzwa Mbeya. Vilitufikia kama karatasi za kufungia: ukurasa mmoja umefunga karanga, mwingine umefunga sukari, mwingine kitumbua. Fundi alizikusanya karatasi hizo, akazinyoosha kwa pasi ya mkaa, kisha akazishona kwa cherehani, uzi mweusi, ukurasa juu ya ukurasa, mpaka zikawa kitabu kinene kama biblia ya mchungaji. Mimi nilikuwa mletaji wake mkuu. Kila nilipopita Makambako, Chimala au Igawa nilinunua vitu nisivyovihitaji kwa ajili ya karatasi. Na kwa kuwa nilisoma sekondari, ndimi niliyemtafsiria yale maneno ya Kiingereza.

Kurasa hazikuja kwa mpangilio, na nyingi zilikosa namba. Mpangilio aliutoa kichwani mwake. Ukurasa wa nyumba inayoungua aliuweka mwanzoni kabisa. "Huu ndio mzizi," alisema. "Aliungua akiwa mdogo. Ndiyo maana anajifunika. Karani, mtu hajifuniki bure." Sikubishana naye, ilikuwa hadithi nzuri.

Siku moja pale Chimala nilinunua samaki wa kukaanga, wale wanaotoka bonde la Usangu, wakafungwa kwenye ukurasa wa Bwana Glovu. Nilipomaliza kula nikaukunjua. Ndio ukurasa pekee niliowahi kuuona ambao shujaa ameshika kinyago mkononi. Mafuta ya samaki yalikuwa yamepenya kwenye karatasi, yakaacha doa pana, la kahawia, kuanzia sikio la kushoto mpaka kwenye kona ya mdomo. Nilimpelekea fundi bila kufikiri. Aliutazama muda mrefu, mguu umetulia juu ya pedali. Kisha akauliza, "Hapa anasema nini?"

"Anasema, nimechoka kujificha," nikamsomea.

"Unaona?" akasema kwa sauti ndogo. "Unaona hapa, shavuni? Si nilikuambia?"

Vidole vyangu vilikuwa bado vinanuka samaki. Nilijua lile ni doa la mafuta. Niliona pia jinsi mkono wake ulivyokuwa ukilipapasa, taratibu, kama mtu anayempapasa nduguye. Nikasema, "Naona."

Kwenye baraza ile alikuwepo pia dada mmoja wa Tukuyu, muuza chai, ulimi wake mkali kuliko tangawizi aliyotia kwenye birika. Walikuwa wakipendana, jambo ambalo kila mtu alilijua na wao wenyewe hawakulisema.

"Fundi, leo umefunga shingo au umefunga mdomo?" alimwanza kila asubuhi.

"Baridi, dada. Hii ni Mbeya."

"Baridi inapiga mji mzima, mbona skafu unayo wewe peke yako? Au baridi ya Mbeya ni mkweo?"

Watu walicheka, naye fundi alicheka ndani ya sufu yake. Siku moja, mbele yangu, dada yule aliacha mzaha. Aliweka kikombe kwenye meza ya cherehani, akasema: "Gwe, wewe fundi, mimi siwezi kuolewa na skafu." Fundi aliinamisha kichwa. Chai ikapoa. Ndipo akasema, "Glovu akivua, na mimi nitavua."

Maana filamu zilikwisha kuanza kuja. Zilikuwa tatu, na zilituchukua miaka. Ya kwanza fundi aliishutumu barazani wiki nzima. Alisema Glovu wa kwenye filamu anacheka mno; kwenye karatasi hajawahi kucheka, na mtu aliyeungua hachekicheki hovyo. Alisifu tu pale gari linaposimamishwa mlimani, akasema aliyetunga hapo amewahi kushuka mlima Kitonga na breki mbovu. Ya pili aliipenda, nami hadi leo nasema ndiyo bora kuliko zote. Mle ndani shujaa anazuia daraja lisianguke watu wavuke, anasimama majini usiku kucha, na asubuhi hakuna anayemshukuru kwa sababu hakuna anayemjua. Mkanda ulikatika mara mbili, sauti ikapotea kabisa robo ya mwisho, na jumba zima lilikaa kimya likitazama mgongo wa mtu ndani ya maji. Tukitoka, fundi aliniambia, "Hii imetoka kwenye karatasi kabisa. Huyu ndiye." Mwishoni mwa filamu hiyo lilitokea tangazo la filamu ya tatu: mkono wenye glovu nyekundu umeshika ncha ya kinyago.

Filamu zilitufikia zikitokea Dar es Salaam, zikaonyeshwa Iringa kwanza, ndipo zikapanda Mbeya. Ya tatu niliiona Iringa, nimepumzika safari. Ilikuwa ya fedha nyingi, moto mwingi, muziki wa kutetemesha viti. Karibu na mwisho nyumba inaungua, ileile ya kwenye karatasi zetu, lakini Glovu si mtoto anayeungulia ndani. Anaingia akiwa mtu mzima kuokoa wengine, na anatoka mzima. Kisha anavua. Chini ya kinyago kulikuwa na sura laini, nzuri, ya kijana wa kwenye tangazo la sabuni. Alikuwa akijificha ili maadui wasiwajue ndugu zake, basi. Iringa walipiga makofi. Mimi niliganda kwenye kiti, nikifikiria baraza moja mbali sana.

Niliwahi Mbeya siku mbili kabla ya filamu. Fundi alikuwa amejishonea shati jeupe. Yule dada alikuwa ameahidiwa tiketi, na alinionyesha kwa macho jinsi shati lilivyokuwa limening'inizwa ukutani, limepigwa pasi tayari. Fundi aliponiona aliinua mkono kabla sijafungua kinywa.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Usinihadithie, karani. Nakuomba. Hata neno moja."

Ndugu wasomaji, mpenzi wa filamu ana haki hiyo, na mimi nilijificha nyuma yake. Nilikuwa na siku mbili nzima. Ningeweza kusema: fundi, lile doa ni mafuta ya samaki, nililijua tangu Chimala; vua skafu yako kwa sababu zako mwenyewe, usimngoje huyu. Nilikunywa chai, nikaenda kuhesabu magunia.

Siku yenyewe tulikaa watatu, yeye katikati. Kinyago kilipovuliwa, jumba lilipiga makofi kama lile la Iringa. Fundi hakusogea. Alitazama ile sura laini mpaka ikaondoka ukutani, kisha akasimama, akapita mbele ya magoti ya watu, akatoka. Yule dada alimfuata, akarudi peke yake. Kesho yake asubuhi nilimkuta barazani akifumua kitabu, mshono baada ya mshono, kwa ncha ya mkasi. Karatasi alimpa dada awashie mkaa. Hakunilaumu, hakujua kwamba kuna la kunilaumu. Kabla mwezi haujaisha alibeba cherehani akarudi Iringa, akapanga chumba cha uani, akawa anashona sare za shule mlango ukiwa umefungwa. Nilimtembelea mara tatu kwa miaka yote hiyo. Kila mara nilisikia kwanza komeo, kisha kimya kidogo cha mtu anayejifunga skafu, ndipo mlango ukafunguliwa.

Basi nikaenda kuzika. Kijiji kilikuwa kwenye ukungu, watu wamejifunika mablanketi. Walikuwa hawajamvika sanda; walikwama kwenye jambo moja. Kwa desturi ya pale jeneza hufunguliwa, watu wakapita kuuaga uso. Shangazi yake, mama mfupi mwenye macho makavu, alinivuta pembeni akanisalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mwanangu. Wewe ulikaa naye mjini. Huku tangu utu uzima wake hajatufungulia. Tumwache na skafu, au tumvue? Tukikosea hapa hatutapata nafasi ya kumwomba radhi."

Mzee mmoja alikohoa akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapo mwanamke mmoja akasogea kutoka kwenye kundi la kina mama. Alikuwa amenenepa kidogo, kilemba cheusi, viatu vya safari vina vumbi la basi. Nilimtambua kwa sauti.

"Mvueni, shangazi," alisema. "Mimi nimeshamwona."

"Umemwona lini? Wewe ni nani?"

"Nilikuwa muuza chai jirani yake Mbeya. Asubuhi moja alianguka barazani, watu hawajafika. Alikuwa hapumui vizuri. Nikamfungua hiyo skafu, nikamlaza ubavu, nikamfuta povu. Alipoanza kutulia nikamfunga tena, fundo lake lilelile, asijue." "Baada ya hapo ndipo nilimwambia siwezi kuolewa na skafu. Si kwamba nilitaka kuona. Nilishaona. Nilikuwa nangoja anifungulie mwenyewe. Nilingoja miaka miwili, shangazi. Kisha nikaolewa kwetu."

Alipiga magoti, akafungua fundo kama mtu anayelijua, akaikunja ile sufu mara nne, akaiweka chini ya mikono ya marehemu. Nami nikatazama. Lilikuwa kovu la shavu, kutoka sikioni mpaka kona ya mdomo. Ngozi imejikunja, imepauka. Basi. Katika nchi hii ya baridi, ambako kila nyumba inalala na moto katikati, makovu kama hayo yapo kila ukoo. Watu walipita kuaga mmoja mmoja, hakuna aliyeshtuka. Mtu mmoja mbele yangu alishika ukingo wa jeneza kwa mkono ambao vidole vyake viwili viliungana kwa kuungua. Aliinama akamtazama fundi kwa muda, kama mtu anayetazama mwenzake, akapita.

Nimekuwa nikifikiria methali ya yule mzee. Ni ya kweli, lakini inamtupia mzigo wote mfichaji. Mtu huyu hakufia nyuma ya mlango kwa sababu ya kovu. Sisi wawili tuliokaa naye kila siku tulikuwa na ukweli wake mkononi: yule dada alijua uso wake haumtishi mtu, mimi nilijua shujaa wake ni doa la samaki. Kila mmoja aliushika kwa upole, tukasema tusimwaibishe, tumngoje. Asubuhi ile barazani kulikuwa na mtu wa kumlegezea skafu apumue. Chumbani Iringa hakukuwa na mtu.

Filamu zile bado zinapita mara mojamoja, na vijana huniuliza ipi ni nzuri. Nawaambia ya pili. Ya tatu naikataa, nao hudhani naikataa kwa sababu ya sura ya yule kijana. Hapana. Naikataa kwa sababu niliitazama nikajua nimpelekee nani habari, nikapanda lori nikafika, nikakaa mbele yake siku mbili, nikaagiza chai. Ukimwona rafiki yako anamngoja mtu wa kwenye karatasi amtangulie, mwambie palepale Chimala, vidole vikiwa bado vinanuka: haya ni mafuta, ndugu yangu. Atakasirika. Mwache akasirike, mlango ukiwa wazi.