Mchele wa Waarabu

Mwaka ilipokuja posa ya binti yangu, mimi nilikuwa nimechoka na kila kitu. Nimechoka na kazi ya kufua mashuka ya hospitali, nimechoka na ngazi za fleti yetu ya Tooting, na zaidi nimechoka kuulizwa mimi mtu wa wapi. Kazini waliniita Mpakistani. Mpakistani mwenye duka la chini aliniita Msomali. Nikikutana na Mswahili mwenzangu kwenye basi, hata salamu hatujamaliza, keshauliza kabila. Nilitoka Unguja msichana, baada ya Mapinduzi, nikidhani swali lile nimeliacha uwanja wa ndege. Wapi bwana, lilipanda ndege pamoja na sisi.

Kijana mwenyewe alikuwa mtoto wa watu. Baba yake ni Mzanzibari, alikuja London kusoma akabakia, na mama yake ni nesi. Alisoma chuo kimoja na binti yangu. Washenga wawili walikuja Jumamosi, wazee na kofia zao, wakakaa kwenye kochi langu bovu, wakala sambusa, wakasema walilotumwa kwa adabu zote. Mimi nilikuwa nimesharidhika kabla hawajakaa. Lakini mume wangu alikuwa ameshafariki, na kwa dini yetu mama haozeshi. Walii wa binti yangu alikuwa ami yake, kaka wa marehemu, anayekaa Kenton. Nikawaomba washenga wanipe muda kidogo nizungumze naye.

Nikampigia simu shemeji. Hakuuliza kijana anafanya kazi gani wala anasali au hasali. Aliuliza ni watu gani hao. Nikamweleza. Akasema babu wa kijana yule anamjua, alikuwa Mnyamwezi, alikuja Unguja kuchuma karafuu.

"Sisi ni Waarabu, shemeji," akasema. "Na waliomchukua baba yangu ni hao hao."

"Yule babu alichuma karafuu, hakumchukua mtu," nikamwambia. "Na babu wa baba yako wewe alikuja kuuza papa mkavu. Sasa tofauti iko wapi?"

Akanikatia simu. Nilistahili, maana ulimi wangu hauna breki. Baba yake alitolewa nyumbani siku za Mapinduzi na hakurudi, na mpaka leo hatujui alizikwa wapi, kama alizikwa. Mtu huyo humtajii papa.

Binti yangu alinisikiliza nilipomweleza, kisha akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukisema hataki. Alisema atangoja mpaka mwisho wa mwezi. Ami akikataa, wao wataandikisha ndoa serikalini, na nyumba isiyomtaka mume wake hatoikanyaga tena. Alisema bila ya kupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Mume nilishamzika huku. Kumpoteza na mtoto, kwa ugomvi wa kisiwa ambacho hajawahi hata kukiona, niliona sitoweza.

Mama mkwe wangu alikuwa akikaa na sisi. Kiti chake kilikuwa karibu na hita, na kutwa hapo alipo na tasbihi yake, akivuta uradi. Alikuwa ameyasikia yote. Siku ya pili akaniita.

"Mwambie mwanangu aje. Mwambie naumwa."

"Unaumwa wapi, mama?"

"We mwambie tu."

Shemeji alikuja Jumapili mbio mbio, na boksi la tende kutoka maduka ya Kingsbury, kofia imekaa upande. Alipomwona mama yake mzima, amekaa anakunywa chai, uso ukamharibika. Akanitupia jicho, kwa yakini akidhani ni njama yangu. Nikanyamaza, si kazi ndogo kwangu.

"Kaa," mama yake akamwambia. "Nataka nikuulize. Sisi ni Waarabu tangu lini?"

Shemeji akacheka kidogo. "Tangu lini tena, mama? Tangu babu alipotoka Shihiri, Arabuni."

"Hapana. Tangu vita."

Akaweka kikombe chini. Akasema wakati wa ile vita kubwa meli za mchele zilikuwa haziji kama zamani, na Muingereza akaamua kugawa chakula kwa kabila. Mwarabu na Mhindi wapewe mchele. Mwafrika apewe unga wa mahindi. Muingereza alikuwa ameshajua tumbo la kila mtu linataka nini.

"Na sisi pale Kikwajuni tulikuwa hatujajua sisi ni nini," akasema. "Baba yako alikuwa na babu mmoja Mshihiri, waliobaki wote Watumbatu. Mimi kwetu Makunduchi. Mtu akituuliza, tunamwambia sisi watu wa Kikwajuni, basi. Baba yako alikuwa kazini bandarini, nikaenda mimi kujiandikisha. Karani akaniuliza kabila. Nikasema Mwarabu. Akanitazama usoni, akacheka, akaandika."

Mimi nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Miaka yote niliyomkogesha na kumpikia mama huyu, hakuwahi kunigusia hata nusu ya maneno haya.

"Na baba?" shemeji akauliza.

"Alicheka, akala wali. Lakini lile neno halikwisha pamoja na vita. Uliingia nalo skuli. Baba yako akaanza kualikwa majumba ya wakubwa, akapaona patamu, na mwisho akasahau kuwa tulilisema kwa njaa. Mimi sikusahau."

Shemeji alivua kofia akaishika mapajani. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, wallahi, tangu siku aliponikatia simu. Nilitaka kumwambia umeona sasa, na kiburi chako. Hayakutoka. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amekaa kwenye kochi langu. Nilimwonea huruma, na nikaona hasira kwamba namwonea huruma.

"Kwa hivyo baba yangu kauliwa kwa pishi ya mchele," akasema.

"Waliomuua ndio waliomuua," mama yake akamjibu. "Huo mzigo wa kwao, siubebi. Lakini neno walilomuulia nililitia mimi nyumbani, na hilo nimekaa nalo peke yangu, Unguja na hapa."

"Kwa nini ulisema, mama?"

"Ulikuwa hujaanza kutambaa. Kila nikikupikia uji wa mahindi unaharisha mpaka shingo inalegea. Dada yako aliyekutangulia nilishamzika mwaka ule ule. Nilitaka wewe uishi."

Shemeji alilia, na mama yake akamwacha alie. Nikaenda jikoni nikafungua bomba, nikaosha vikombe vilivyokuwa visafi. Niliporudi alikuwa ameshajifuta uso, anaomba simu. Akawapigia washenga. Akawaambia waje Jumapili ijayo, yeye mwenyewe atakuwepo, na mahari binti ataisema mwenyewe. Mama mkwe wangu alikuwa ameshafumba macho, tasbihi inakwenda.

Shemeji akavaa koti. Mlangoni akasimama, akanigeukia mimi, si mama yake.

"Nitamwozesha," akasema. "Kijana hana kosa. Lakini wewe shemeji, na ulimi wako huo, usije siku moja ukaniambia mimi si Mwarabu."

"Umesikia mwenyewe alivyosema mama," nikamjibu, pole pole.

"Nimesikia. Na mimi nilikuwa darini siku ile, nikasikia mlango ukigongwa. Walisema, 'Mwarabu, toka nje.' Kumbe baba angeweza kuwaambia kuwa mababu zake wote ni Watumbatu isipokuwa mmoja. Nilingoja aseme lolote. Hakusema. Alivaa viatu vyake, akatoka."