Makaa Yasiyopepewa

Mwaka nilipomzika mume wangu, tulibaki wawili katika nyumba yetu ndogo huku Kibuli: mimi na mama yake. Kikohozi cha mama kilikuwa kimezidi. Daktari akasema ni moshi wa jiko, naye mama akaamua kurudi kwao Arua. Sikuwa na la kumzuia, wala sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye habari za marehemu.

Asubuhi moja redio ikasema kuna nchi zilizobuni mitambo ya kuchoma makaa ya mawe kwa moshi mdogo, maana mahitaji ya umeme yanaongezeka. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Waambie waanzie jikoni kwangu!"

Jirani yetu Mkenya, muuza chapati, alimsikia kupitia dirishani. "Mama, makaa ya moshi mdogo yapo hapa hapa. Mimi nayafinyanga mwenyewe."

Kesho yake akanipeleka soko la Kalerwe. Tukazoa vumbi la makaa chini ya magunia ya wauzaji, tukaokota na maganda ya ndizi za matoke. Maganda tuliyakausha, tukayachoma ndani ya pipa mpaka yakawa meusi, tukayatwanga, tukayachanganya na vumbi lile na uji wa muhogo. Kisha tukafinyanga madonge ya ukubwa wa yai. Niliishia darasa la tano, lakini mikono yangu ilielewa haraka. Masizi yalituingia hadi puani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikajisikia nikicheka kwa sauti. Nikaona haya, kisha nikacheka tena.

Madonge yalipokauka, mama akatoa sharti: "Yakiivisha maharage bila kunikohoza, nakaa. Yakishindwa, Ijumaa napanda basi."

Niliwasha jiko la sigiri uani. Moshi wa mwanzo ulikuwepo, sisemi uongo, tukasubiri uishe. Nikateleka sufuria, nikaingia ndani kuchambua mchele. Kutoka, namkuta mama ameinama na kifuniko mkononi, anapepea kwa nguvu zote, kama alivyopepea makaa maisha yake yote. Majivu yamemjaa kichwani, madonge yamemeguka, moto umefifia.

"Mama, acha! Haya hayapepewi!"

"Moto gani usiopepewa? Unaumwa?"

"Ni mvivu tu," jirani akasema kutoka dirishani kwake, "lakini hufika. Kama mume wangu."

Mama akanikabidhi kifuniko. Nikaongeza madonge mengine, polepole yakashika. Akaketi, mikono mapajani haina kazi, na kwa kukosa cha kupepea akaanza kunisimulia jinsi mume wangu, akiwa mtoto, alivyotumwa kuni akarudi na kijiti kimoja, akiapa msitu umekwisha. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuisikia hiyo. Mama alikohoa mara moja tu, na ilikuwa kwa kucheka.

Maharage yaliiva. Akaonja punje moja, akatafuna, nami namtazama mdomo.

"Chumvi haitoshi," akasema. "Kesho napika mimi."