Ndege ya Kuguswa, Iliyofungiwa Kwenye Kioo

Mashine za kufulia zinanguruma kwa pamoja, na sakafu ya chumba cha chini cha jengo hili la ghorofa, Takoma Park nchini Marekani, inatetemeka. Ghati Nyamhanga hana habari nazo. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kipande cha mbao amekibana katikati ya magoti, msasa mkononi, na anasugua ubavu wa mfano wa ndege ya kivita huku amefumba macho.

"Nayafumba makusudi," anasema. "Hii si ndege ya kutazamwa. Nikiitengeneza kwa macho nitajidanganya mwenyewe."

Jirani anashuka na kapu la nguo, anaangalia vumbi la mbao sakafuni, anaguna, anapakia nguo zake na kuondoka bila salamu. Ghati anachukua kitambaa kibichi na kupangusa. Huku chini ndiko karakana yake, kwa sababu juu anaishi chumba kimoja na mwenzake ambaye kifua chake hakitaki vumbi.

Hii ni ndege ya pili. Ya kwanza anajua ilipo. Imo ndani ya sanduku la kioo, inamulikwa taa, na chini yake kuna kibao kinachowaomba wageni wasiguse. Ukitaka kumwona mwanamke huyu mpole akibadilika sura, mtajie kile kibao.

Ghati, mwenye miaka arobaini na minne, alizaliwa Sirari, mpakani kabisa na Kenya, binti wa seremala. Alikuja Marekani kama walivyokuja wengi, kubeba boksi. Amefagia maofisi na kupanga bidhaa maghalani, na mwisho akaangukia kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Siku sita za wiki humwogesha, humpikia na kumpa dawa Mzee Solomon, kule Landover.

Mzee Solomon ni Mmarekani mweusi wa miaka themanini na mitatu. Ujanani alikuwa fundi kwenye meli ya kubeba ndege za kivita, na kwa miaka mingi alitunza aina moja tu ya ndege: kijeti kidogo cha kiti kimoja cha jeshi la majini. Anakizungumzia kama wanaume wengine wanavyomzungumzia mke wa kwanza. Kisukari kilimmaliza macho kabla Ghati hajamjua.

"Jina lake halisi simwiti," anasema Ghati. "Tangu siku ya kwanza nilimwambia, kwetu wewe ni Mzee. Akalipenda. Sasa hata daktari akimwita kwa jina anamwambia, mimi ni Mzee."

Masika ya mwaka jana, Mzee alisikia redioni kwamba jumba dogo la makumbusho, mwendo wa gari kutoka kwake, limeletewa kijeti kama kile chake. Kwa furaha hakulala. Ghati akaitoa siku yake ya mapumziko, akampeleka.

Walipofika kwenye kamba inayozuia watu, Mzee akainama, akanyoosha mkono kutafuta tumbo la ndege. Mlinzi akamfokea. Hakumwambia, alimfokea, mbele ya watoto wa shule waliokuwa wamepanga mstari.

"Mtu aliyekuwa akiingia ndani ya ndege zile na tochi mdomoni, nje bahari inachafuka," anasema Ghati, na msasa unasimama. "Leo anakaripiwa kama mtoto aliyeshika sufuria ya moto. Nikamwambia yule mlinzi, kaka, huyu haoni. Akanijibu, sheria ni sheria. Sawa. Basi mwambie macho yake yako wapi, kama si mikononi?"

Garini, karibu na nyumbani, Mzee akauliza swali moja. Alitaka tu kujua kama wameirudishia ndoano yake ya mkiani, ile inayonasa waya ndege inapotua melini isije ikapitiliza baharini. Ndoano ilikuwa kazi yake. Rubani alikuwa hapandi mpaka Solomon aseme iko salama.

Hapo ndipo Ghati alipoamua kumtengenezea ndege ya kupakata.

Hakuwa na mchoro. Kipimo chake kilikuwa Mzee mwenyewe. Alirudi naye makumbusho, akamsimamisha kando ya kamba, mbele, ubavuni, nyuma, na rafiki yake Ndirangu akapiga picha. Ndirangu ni Mkenya wa Nyeri, fundi wa karakana ya makabati huko Landover, na ndiye anayemwokotea vipande vya mbao vilivyobaki. Katika kila picha Mzee amesimama, fimbo mkononi, kofia kichwani.

"Nikasema, kwenye ndege yangu Mzee atakuwa mrefu kama kidole changu cha kati," anaeleza. "Basi kila kitu nakipima kwa Mzee. Bawa ni Mzee wangapi, gurudumu linamfika wapi. Baba alikuwa anapima milango hivyohivyo, anamsimamisha mwenye nyumba."

Jaribio la kwanza lilimtia aibu. Aliisugua ikang'aa, akaipaka rangi ya kijivu kama ile ya makumbusho, akampa Mzee kifua mbele. Mzee akaipapasa, akaigeuza, akauliza, "Hii ni chupa?"

Ghati anacheka akikumbuka. Alikuwa ametengeneza ndege ya wenye macho. Mkono ulikuwa unateleza tu, hauna pa kushika habari. Akaikwangua rangi yote. Akapigilia vichwa vya pini pale ambapo ile kubwa ina misumari ya bati, akachonga mistari ya vifuniko, akatia bawaba ili mabawa yakunjike kama yanavyokunjwa melini, na ndoano akaichonga kutoka kwenye chuma cha mwavuli mbovu.

"Nilipompa mara ya pili aliipakata," anasimulia. "Vidole vikaanza puani, vikapita tumboni, vikahesabu vifuniko. Anataja kila kimoja kilifunika nini. Akafika mkiani, akaikuta ndoano, akaishusha, akaipandisha. Akalia. Sikumfuta machozi. Nilimwacha alie vizuri."

Wazo la kuipeleka makumbusho lilikuwa la Mzee. Alisema hayuko peke yake gizani. Ikae palepale kwenye kamba, chini ya ile kubwa, ili asiyeona akija na wajukuu naye apate cha kusimulia. Makumbusho wakaipokea kwa mikono miwili. Kukawa na keki na picha na makofi, na Ghati akarudia mara tatu kwamba ni ya kuguswa. Wakaitikia.

Wiki chache baadaye aliporudi na Mzee, mkono wa mzee wa watu uligonga kioo.

"Kucha zake zikalia, kwa, kwa, kwa," anasema, na sasa sauti imepanda juu ya mashine. "Anatafuta mlango. Anadhani amekosea mahali. Ananiuliza, Ghati, wameihamishia wapi? Nimwambie nini? Nilitamani ardhi ipasuke."

Tulimpigia simu msimamizi wa maonyesho. Alituambia hawakuwa na nia mbaya. Kazi ile ni nzuri mno kuachwa mikononi mwa watu, alisema, kitu kikiguswa kila siku huharibika, na kuwekwa kwenye kioo ni heshima wanayopewa wachache. Alipoulizwa kama inaweza kurudishwa, alijibu kuwa zawadi ikishapokelewa ni mali ya makumbusho, na suala hilo litasubiri kikao cha kamati. Tarehe ya kikao hakuitaja.

Shukrani ya punda ni mateke, na hapa punda kavaa tai. Watu hawa wamelisikia ombi, wamelielewa, wamelipigia makofi, kisha wakafanya kile walichozoea kufanya. Mwenye macho anakitazama kioo na kupendezwa. Aliyetengenezewa ndege amebaki anakipapasa.

"Ndege ikiharibika si nitarekebisha?" anauliza Ghati. "Niliitengeneza ili ichakazwe na mikono ya watu. Heshima gani hiyo ya kumfungia mtu chakula chake kabatini?"

Ndirangu, aliyeshuka kuleta gundi, anamtuliza. "Mimi nilimwambia awache kuwasumbua hao watu wa ofisi, si atachoka bure. Ngoja tu kamati. Mvumilivu hula mbivu."

"Mzee ana miaka themanini na mitatu, figo zimeanza kugoma," Ghati anamjibu bila kuinua kichwa. "Hiyo mbivu ataila lini, Ndirangu?"

Ndirangu anaifungua gundi.

Ingekuwa rahisi kumpa Mzee hii ya pili aipakate sebuleni kwake, yaishe. Mzee mwenyewe hataki. Anasema sebuleni atakuwa mzee mwenye mwanasesere, lakini pale chini ya ile kubwa ni fundi aliyerudi kazini. Anataka kuishika palepale, mara moja tu, na wengine nao washike.

Kwa hiyo Ghati amepanga. Ndege hii haendi kumkabidhi mtu yeyote. Jumamosi ataikausha, Jumapili baada ya ibada atamvalisha Mzee kofia yake, waende. Watasimama kwenye kamba, upande wao, bila kuivuka. Ndege itakuwa mikononi mwa Mzee, na yeyote atakayepita, mwenye macho na asiye nayo, ataambiwa karibu, shika.

Mzee Solomon, kwa simu kutoka Landover, ameuliza itakuwaje mlinzi akianza tena kufoka.

"Wewe endelea kushika tu, Mzee," Ghati amemwambia. "Wewe huoni, na mimi siku hiyo sitasikia."